Chaji Iliyobaki

Tangu mvua kubwa iangushe nguzo za umeme, Naeema alikuwa na kazi moja ambayo haikusubiri: kila alasiri alipeleka simu ya mama yake kwa jirani mwenye sola, na kabla ya giza akairudisha ikiwa imejaa chaji. Kazi nyingine alizifanya kabla ya hapo. Aliteka maji, akafagia ua, kisha akamsimamia mdogo wake Shakir mpaka amalize kikombe chake cha maji, hata kama mtoto alikunja uso na kulalamika kwamba tumbo limejaa.

Shakir alikuwa na umri wa miaka sita, na kwake maji yalikuwa sehemu ya dawa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaofanya chembe nyekundu za damu zijipinde kama mundu na kuziba mishipa midogo. Akikosa maji, akinyeshewa au akichomwa na jua kwa muda mrefu, maumivu yalimshika kwenye mifupa hata asiweze kuguswa. Ndiyo maana simu ile ilitunzwa sana. Baba yao, Yahya, alikuwa fundi cherehani mjini Kisumu, ng'ambo ya ghuba. Wao waliishi Kendu Bay. Kukiwa na shida yoyote, Mama Rehma alimpigia, naye akatafuta njia.

Naeema, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, aliipenda simu kwa sababu zake mwenyewe. Alikuwa hodari wa kuchora hina, na mtandaoni kulikuwa na wasichana waliochora maua na majani mikononi kwa ustadi wa ajabu. Usiku mmoja, Mama alipokwisha kulala, aliingia chini ya blanketi na simu, akatazama video moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena. Usingizi ulipomchukua, simu ilikuwa ya moto mkononi na chaji ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Asubuhi hiyo Shakir aliamka akilia.

Hakuwa analia kwa deko. Alijikunja kama kamba iliyosokotwa, akishika mguu, kisha mgongo, asijue ashike wapi. Mama alimbeba mgongoni hadi kwenye zahanati. Muuguzi alimtazama ndani ya kope, akatikisa kichwa.

"Mama, mtoto amepungukiwa na damu," alisema. "Hapa hatuna damu ya kumwongezea. Mpeleke hospitali kubwa Kisumu leo hii. Usingoje kesho."

"Nitapitia wapi? Mto umekata barabara."

"Ulizeni boti ufuoni. Mpe dawa hii ya maumivu, na anywe maji kila mara."

Mama alimpigia Baba upesi, bila kuitazama chaji, akamweleza kwamba wanakuja kwa boti. Walipokuwa wanakusanya nguo, akageuka akauliza, "Naeema, simu imejaa?"

Naeema alikuwa anafunga mfuko. Angeweza kusema hapana. Lakini alimwona Mama macho yamemwiva kwa wasiwasi, akaogopa kumwongezea. Pia aliogopa kugombezwa. "Imejaa, Mama," alisema, na akaitia simu mfukoni mwake. Alijiambia kwamba kabla ya adhuhuri wangekuwa Kisumu, na hakuna ambaye angejua.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye injini nyuma. Nahodha wake, Mzee Oluoch, aliwavisha kila mmoja jaketi okozi, akamfunga Shakir kamba za jaketi kwa mikono yake mwenyewe. "Pole, nyathina," alimwambia kwa Kijaluo. "Pole, mtoto wangu. Tutaenda polepole." Abiria wengine walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Mama Rachael, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa juu ya magunia yake. Wa pili alikuwa mwanaume mwenye buti zilizojaa matope hadi magotini. Alijitambulisha kuwa Walubengo, mhandisi wa minara ya simu.

"Nilikuja kufufua mnara ulio karibu na hapa," alimweleza Mama. "Maji yameingia kwenye chumba cha mitambo. Nimehangaika nao mpaka simu yangu na kompyuta zikaisha chaji, na bado mnara umelala. Narudi mjini mikono mitupu."

Mama Rachael naye simu yake ilikuwa imezima tangu jana. Mahali pa kuchajia palikuwa na foleni ndefu, akachoka kungoja.

Ziwa lilikuwa tulivu walipoondoka. Mlima Homa ulibaki nyuma yao, na mbele walianza kuona zulia la kijani kibichi lililotandazwa juu ya maji. Yalikuwa magugu maji. Mzee Oluoch hakuyashangaa. Aliufuata mfereji wa maji wazi uliopita katikati yake, akiendesha taratibu.

Ila magugu maji hayana mizizi ardhini. Upepo ukiyasukuma, hutembea. Walipokuwa katikati ya mfereji, upepo uligeuka, na zile kuta mbili za kijani zikaanza kusogeleana. Mzee Oluoch aliongeza kasi, lakini mashina marefu yalijisokota kwenye propela. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Alichukua panga, akainama nje ya boti kukata mashina. Alipokuwa ameinama hivyo, simu yake ndogo ya vitufe ilichomoka kutoka mfuko wa shati, ikadumbukia majini. Alitumbukiza mkono mpaka begani. Alitoa mizizi na tope tu.

"Nyasaye," Mama Rachael alimwita Mungu kwa sauti ya chini.

Mzee Oluoch alikaa juu ya injini iliyozimika. Nyuma yao mfereji ulikuwa umekwisha kufungika. Kila upande ulikuwa majani manene na maua ya zambarau, kana kwamba boti iliegeshwa katikati ya shamba. Kulikanyaga shamba hilo hakukuwezekana. Mtu angezama hapo hapo, na kuogelea ndani ya mizizi ile ni kujifunga kamba.

"Tuna simu," Mama alisema haraka. "Tuna simu, na imejaa chaji. Naeema, mpigie baba yako."

Naeema aliitoa. Alipiga, ikakatika kabla ya kuita. Akapiga tena. Walubengo alinyoosha mkono. "Hebu nione." Alitazama skrini, uso ukabadilika. "Mama, umesema imejaa? Hapa imebaki asilimia ishirini na tano."

Mama alimgeukia Naeema. "Si uliniambia imejaa?"

Macho yote yalikuwa kwake. "Ilikuwa imejaa," Naeema alisema. "Labda… labda betri imezeeka."

Walubengo alilichukua jibu hilo kwa uzito, kwa maana hakuwa na sababu ya kumshuku. "Kama betri imeshuka hivyo tangu asubuhi, basi imechoka," alisema. "Betri iliyochoka haiaminiki. Inaweza kuonyesha ishirini, halafu ikazima ghafla. Hakuna faida ya kuiwekea akiba. Tupige sasa hivi, tupige tena na tena, kabla haijatufia."

Alisimama, akapiga. Ilikatika. Alipanda juu ya magunia ya omena, akapiga. Safari hii ilianza kuita, wakasikia sauti ya Baba kwa mbali, "Halo? Halo?" kisha ikatoweka. Akapiga tena. Naeema aliona zile tarakimu zikishuka. Ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na nane. Kila namba ilimchoma. Ni yeye peke yake katika boti ile aliyejua kwamba betri ilikuwa nzima, mpya tangu Idi, na kwamba hesabu ya yule mhandisi ilijengwa juu ya uongo wake.

Shakir alilalamika mapajani mwa Mama. "Maji," alisema.

"Acha kupiga!" Naeema alipaza sauti.

Walubengo alisita, kidole kikiwa juu ya skrini.

"Betri haijazeeka. Ni nzima. Mimi niliitumia jana usiku kutazama video. Asubuhi haikuwa imejaa. Nilimdanganya Mama, na sasa hivi nimekudanganya na wewe."

Mama alimtazama kwa namna ambayo Naeema hakuwahi kutazamwa nayo. Angekuwa ametukanwa, angejua pa kuweka uso wake. Mwishowe Mama alisema, kwa sauti isiyo na nguvu, "Tutaongea baadaye. Njoo umshike mdogo wako miguu. Mkandekande taratibu."

Walubengo alishuka kutoka juu ya magunia. Alikuwa ameudhika, lakini alikuwa anafikiri. "Ungeniambia mapema tusingechoma kiasi hiki," alisema. "Ila sasa nimejua ninashughulika na nini. Betri nzima yenye chaji ndogo inaweza kutufikisha jioni, tukiitumia kwa akili."

Kidole chake kilianza kutembea kwenye skrini, na kila alichokifanya alikitaja, kama mtu anayejituliza kwa kuongea. Alizima data. Alizima Wi-Fi na Bluetooth. Alifunga programu zilizokuwa zinajiendesha kichinichini, zile za video na za kupokea picha. Alipunguza mwangaza wa skrini hadi akalazimika kuikinga kwa kiganja ili aisome.

"Lakini hatukuwa tunazitumia hizo," Naeema alisema.

"Zenyewe zilikuwa zinaitumia simu. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo." Alionyesha upande walikotoka. "Mnara wa karibu nasi ndio ule uliolala. Simu hii inaongea na mnara wa mbali. Wewe ukiongea na mtu aliye mbali unafanyaje?"

"Napiga kelele."

"Na ukipiga kelele kutwa nzima?"

"Nitachoka."

"Ndivyo inavyochoka simu. Mawimbi yakiwa dhaifu, inaongeza nguvu ili isikike. Tena imepangwa kutafuta 4G. Inaitafuta, inaipata kidogo, inaipoteza, inaanza upya. Kila kutafuta kunakula chaji, hata ikiwa mfukoni. Nitaiambia itumie 2G peke yake, mtandao wa zamani. Hauna haraka, lakini hapa unafika mbali zaidi, na sisi tunataka maneno machache tu yafike."

"Basi mpigie Baba kwa huo mtandao."

"Hapana. Simu ya sauti inahitaji mawimbi yakae imara muda wote mnapoongea. Ujumbe mfupi unahitaji upenyo mdogo tu. Ukipatikana, unapita."

Aliwasha kipimo cha mahali, kile kinachosoma setilaiti hata pasipo na mnara, akanakili tarakimu zilizotokea, akakizima mara moja. Kisha akaandika: *Tumekwama kwenye magugu. Boti ya Mzee Oluoch. Shakir hali mbaya. Leta msaada hapa.* Akaweka tarakimu, akatuma.

Ujumbe haukwenda.

Alijaribu mara nyingine akiwa amesimama, mkono juu. Haukwenda. Akaiweka simu katika hali ya ndege, ili isitafute mtandao kabisa, akampa Naeema. "Ikinge na jua. Joto linaiharibu betri. Tutaiwasha kwa muda mfupi, tujaribu, tuzime. Usiiguse katikati."

Naeema aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka kivulini chini ya ubao wa kukalia. Hakuiwaza video hata moja.

Jua lilipanda. Mama alimfunika Shakir kwa leso, akamnywesha dawa. Chupa ya maji ikaisha. Mama Rachael akatoa chupa yake ya chai ya rangi, akampa mtoto kikombe kimoja kimoja, naye mwenyewe asionje. Chai nayo ikaisha. Wakabaki wanatazama maji ya ziwa yaliyowazunguka, ya kijani, yenye harufu ya majani yaliyooza.

"Yana magonjwa," Mama alisema.

"Najua," alijibu Mzee Oluoch. "Lakini kiu yake haingoji."

Mama alikunja leso mara nyingi, akachuja maji ndani ya kikombe, akamnywesha mwanawe huku akiomba dua. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa.

Wakati mmoja walisikia mngurumo wa injini mbali. Wote walisimama, wakapunga nguo, wakapiga mayowe. Mngurumo ulipungua, ukapotea. Mama Rachael aliketi, akajifunika uso. Hawakupiga mayowe tena.

Walubengo aliiwasha simu, akajaribu, akaizima. Aliiwasha tena baadaye, akajaribu, akaizima. Mzee Oluoch alisukuma magugu kwa mti mrefu mpaka viganja vikamchubuka, na boti haikusogea hata urefu wake. Shakir alikuwa ameacha kulia. Mwanzoni Naeema alifurahi, akadhani dawa imefanya kazi. Kisha akaona jinsi Mama alivyokuwa anamgusa mashavu na kumwita jina, akaelewa kwamba ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio.

"Tunakufa hapa?" alimnong'oneza Mzee Oluoch.

Mzee alitazama viganja vyake vilivyochubuka. "Sijui, nyathina," alisema. Naeema alitamani angemdanganya.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Walubengo alipoiwasha simu kwa mara nyingine. Aliinua mkono, akangoja. Ghafla akasema, "Umekwenda." Hakushangilia, na hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamechoka mno kuamini. Aliizima simu.

"Kwa nini unazima?" Mama aliuliza kwa hasira. "Na akijibu?"

"Jibu litatungoja kwenye mtandao, Mama. Chaji ndiyo haitatungoja."

Walingoja. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Alipoiwasha tena, asilimia tano zilikuwa zimebaki, na jibu la Baba likaingia. Walubengo alilisoma kwa sauti: *Niko na waokoaji. Tumefika mahali mlipotaja. Hatuwaoni. Ni magugu tu.*

Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mama Rachael aliinamisha kichwa. Walubengo alilisoma jibu lile tena kimya kimya, kana kwamba lingebadilika. "Tarakimu zilikuwa sahihi," alisema. "Nilizihakiki."

Naeema alikuwa amekaa miguuni mwa mdogo wake, akitazama mbali asione mtu akimtazama. Ndipo alipogundua jambo. Walipokwama, Mlima Homa ulikuwa nyuma ya mgongo wa Mzee Oluoch. Sasa ulikuwa ubavuni, kushoto, na boti ilikuwa bado imeelekea kule kule.

"Mlima umehama," alisema.

"Mlima hauhami, Naeema," Mama alijibu.

"Basi sisi ndio tumehama."

Mzee Oluoch alitazama mlima, akatazama upepo ulivyolaza majani, akajipiga paji la uso. "Mtoto amesema kweli. Magugu yote yanatembea, na sisi ndani yake. Tulipokuwa mchana, hatupo tena."

Walubengo hakupoteza muda. Aliwasha kipimo cha mahali, akasoma tarakimu mpya, akakizima. Asilimia tatu. Aliandika tarakimu na maneno machache: *Tunaelea. Fuateni upepo.* Alipanda juu ya magunia, Mzee Oluoch akimshika miguu asianguke. Aliinua simu. Alibonyeza. Walimwona akiitazama kwa kitambo, kisha mwanga wa skrini ukafa usoni mwake.

"Umekwenda?" Mama aliuliza.

"Imezima kabla sijaona."

Hapakuwa na cha kufanya tena, hata cha kujaribu. Naeema alilala kando ya Shakir, akaweka sikio kifuani mwake ili asikie kama bado anapumua. Alisikia. Akabaki hivyo hivyo, akisikiliza pumzi moja na kuogopa kwamba inayofuata haitakuja.

Jua lilikuwa limegusa maji waliposikia panga zikikata majani. Sauti ya injini ilikuja, ikanyamaza, ikaja tena karibu zaidi. Kisha wakawaona, boti mbili nyembamba, wavuvi na waokoaji wakifyeka njia. Kwenye ncha ya boti ya kwanza alisimama Baba, suruali imelowa hadi kiunoni, tepu yake ya kupimia nguo ingali shingoni. Hakusalimu mtu. Alinyoosha mikono, akampokea mwanawe.

Hospitalini Shakir aliongezewa damu na maji. Maumivu yalipungua, akafumbua macho na kuomba uji. Mama alisema Alhamdulillahi mara nyingi. Lakini mkono wa kushoto wa mtoto ulilala juu ya shuka bila kusogea. Daktari Debra aliukunja na kuukunjua, akampima, kisha akawaeleza wazazi kwamba damu ilikuwa imeziba mshipa kwenye ubongo. Kilikuwa kiharusi kidogo. Angehitaji mazoezi ya muda mrefu. Huenda mkono ungerudi wote, huenda ungerudi nusu.

Naeema alimfuata daktari kwenye korido. "Kama tungefika mapema, mkono wake ungekuwa mzima?"

Daktari Debra alichutama ili macho yao yawe sawa. "Sijui," alisema. "Selimundu inaweza kuleta kiharusi hata mtoto akiwa kitandani kwake. Jua na kiu vilimdhuru pia. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha."

Jioni ya siku iliyofuata Mama alimwita Naeema waketi kwenye benchi nje ya wodi. Yale mazungumzo aliyoyaahirisha botini sasa yalifika.

"Sikulaumu kwa magugu," Mama alianza. "Magugu na upepo si kazi yako. Na ni macho yako yaliyoona kwamba tumehama. Sitalisahau hilo. Lakini chaji ile ilikuwa mikononi mwako, na ukaitumia kana kwamba ni yako peke yako. Chaji ni kama maji ndani ya mtungi. Unayachota kidogo kidogo, hujui nani atakuja na kiu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, maana sitarudia. Kuitumia simu usiku kulikuwa kosa dogo. Ungeniambia asubuhi, ningekasirika, halafu tungeiacha kwa jirani ipate chaji wakati tunangoja boti. Uongo ndio ulioninyima nafasi hiyo. Ukaninyima tena mbele ya Bwana Walubengo. Mtu hawezi kutatua shida ambayo ameelezwa vibaya, hata awe na elimu gani. Alipojua ukweli, alijua la kufanya. Ukweli wako ulichelewa, Naeema, lakini ulipofika ndio tulioanza kuutegemea. Siku nyingine usiungoje ukufikishe pabaya kiasi kile."

Naeema aliinama. Mama alimvuta, akamkumbatia kwa muda mrefu, kisha akarudi ndani kumbadilisha Shakir nguo.

Usingizi ulipompata Mama kwenye kiti, Naeema alikaa kitandani na mdogo wake. Shakir alikuwa macho, akiutazama ule mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Daktari amesema nijaribu kubana," alisema. "Weka kidole."

Naeema aliweka kidole chake ndani ya kiganja kile kilicholegea. Shakir alifumba macho, akakaza meno, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Nimebana! Umesikia?"

Alikuwa anamtazama kwa matumaini makubwa, na neno *ndiyo* lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari ulimini. Naeema alilimeza.

"Bado sijasikia," alisema. "Jaribu tena."

Uso wa Shakir ulisawijika. Kwa muda alionekana kama atalia. Kisha akafumba macho upya, akajaribu, akapumzika, akajaribu. Nje ya dirisha taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka. Naeema hakuondoa kidole.

Baada ya kitambo alihisi kitu, kidogo kama mguso wa unyoya, kisha kikaacha, kisha kikarudi.

"Sasa," alimwambia. "Sasa nimesikia."

Shakir alifumbua macho, akamchunguza dadake usoni. "Kweli?"

"Kweli," Naeema alisema.